Ndiva ya mawe ina kazi gani, kama ni ndogo hivyo?

Kaka, umeuliza ndiva, yaani kibwawa chenye ukuta mdogo wa mawe kule Upareni, inasaidia nini ikiwa maji yake yanaisha kwa siku moja. Yanatakiwa yaishe! Ndiva haitunzi maji ya kiangazi kizima, inatunza ya usiku mmoja. Sisi wa Dar tunaelewa hili: maji ya bomba yanakuja usiku kwa kudondoka, unayakinga kwenye simtanki, asubuhi unayatumia kwa nguvu.

Kijito cha mlimani kikiwa chembamba, ukikiachia kwenye mfereji wa udongo kinanywewa njiani, shamba la chini halipati kitu. Maji yakikusanywa usiku nyuma ya ukuta wa mawe na udongo, kisha tundu likazibuliwa alfajiri, yanashuka kwa wingi na kufika mbali. Hapo watu wanamwagilia kwa zamu. Zamu ndiyo roho ya ndiva kuliko hata mawe yenyewe, pamoja na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kuzoa tope, maana tope likijaa nafasi ya maji inakwisha.

Baadhi zimesakafiwa kwa saruji miaka ya karibuni, ila utaratibu ni uleule wa wazee.