MASWALI YA WASOMAJI: Hivi Bush aligomewaje na wahafidhina wenzie?

Swali: Shikamoo mhariri. Hapa kijiweni kwetu Tanga tumebishana toka juzi. Mwenzetu mmoja anasema mwaka 2005 Bush mtoto, rais wa Marekani, alimteua mama mmoja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu akakataliwa na watu wa chama chake mwenyewe, tena ndo walikuwa wengi kwenye seneti. Mie nikasema haiwezekani, watakuwa wapinzani hao. Kwetu ukimpinga rais hadharani na wewe ni mwana chama si kesho yake asubuhi unaitwa kamati ya maadili? Tupe ukweli, kuna soda zinasubiri mshindi hapa.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba. Soda mpeni mwenzenu, kashinda.

Mama mwenyewe anaitwa Harriet Miers, mwanasheria wa Texas, alishawahi kuwa wakili binafsi wa Bush na wakati ule alikuwa ndo mwanasheria mkuu pale White House. Tarehe 3 Oktoba 2005 Bush kamtangaza achukue kiti cha Sandra Day O'Connor aliyekuwa anastaafu, tarehe 27 mwezi huohuo mama kajitoa, hata kuhojiwa na maseneta hakuhojiwa. Republican, chama cha Bush, walikuwa na maseneta 55 kati ya 100, kwa hiyo wapinzani hata wangetaka wasingetosha kumwangusha, na hawakuwa hata na hamu hiyo maana kiongozi wao kwenye seneti, Harry Reid, alimsifia tena jina lake alishawahi kulipendekeza kwa Bush, na hapo ndo wahafidhina, yaani wale Republican wanaoshikilia mambo ya jadi, wakazidi kuingiwa na wasiwasi, huyu mtu mpinzani anampenda kulikoni?

Sasa hasira yao ilitoka wapi. Tangu 1973, Mahakama ya Juu iliposema kwenye kesi ya Roe v. Wade kwamba kutoa mimba ni haki ya kikatiba, wahafidhina wanatafuta majaji wa kuifuta hiyo hukumu, na kila wakishinda urais wanaahidiwa, alafu jaji akishakaa kitini anafanya yake. O'Connor na Anthony Kennedy waliteuliwa na rais Reagan, David Souter akateuliwa na Bush mzee mwaka 1990, na haohao watatu ndo mwaka 1992 wakainusuru Roe. Souter ndo aliwauma kuliko wote maana hakuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha amesimama wapi, wakaambiwa tu msiwe na shaka ni mwenzetu huyu, akaishia kupiga kura na waliberali, yaani upande wa pili. Sasa miaka 15 baadaye anakuja mtoto wa yuleyule Bush na mtu ambaye hajawahi kuwa jaji hata siku moja, na kinachotolewa kama ushahidi ni kwamba rais anamfahamu vizuri na moyo wake anaujua. Watu wakasema hapana, hii movi tushaiona.

Na kulikuwa na watu waliojiandaa. Toka 1982 kuna chama cha wanasheria wahafidhina kinaitwa Federalist Society, kimewalea vijana vyuoni mpaka wamekuwa majaji wa rufaa wenye hukumu nzito za kusomeka, wote hao wakarukwa akachukuliwa wakili wa bosi. Robert Bork, ambaye mwenyewe Reagan alimteua 1987 akaangushwa na seneti, akasema kwenye tivii kwamba uteuzi huu ni janga. Waandishi wakubwa wa upande wao, George Will, Charles Krauthammer, Bill Kristol, wote wakamshukia. Siku ileile ya uteuzi Dick Cheney, makamu wa rais mzima, ikabidi aingie kwenye kipindi cha redio cha Rush Limbaugh, mtangazaji kipenzi cha wahafidhina, kutuliza wasikilizaji, na hawakutulia.

Kilichommaliza mama Miers lakini ni karatasi. Kwanza zikatoka kadi na barua alizokuwa akimwandikia Bush miaka ya 90 wakati ni gavana wa Texas, moja ya siku ya kuzaliwa inamwambia yeye ni gavana bora kuliko wote waliowahi kutokea, watu wakacheka mpaka basi. Alafu lile dodoso la kamati ya sheria ya seneti alilojaza likarudishwa, mwenyekiti Arlen Specter, ambaye ni Republican, akisimama pamoja na mwenzie wa Democrats, wale wapinzani, kusema majibu hayatoshi, arudie. Hebu fikiria aibu ya mtu anayeomba ujaji wa maisha anarudishiwa fomu kama ya mkopo wa benki. Mwishoni ikaibuka hotuba yake ya Dallas ya 1993 inayosikika kama anatetea watu wajiamulie wenyewe mambo kama ya mimba, basi kesho yake akajiondoa.

Hata mlango wa kutokea alichongewa na mkosoaji. Krauthammer aliandika kabla kwamba njia ya heshima ni hii: seneti idai nyaraka za siri za ushauri wake kwa rais, rais akatae kwa kulinda ofisi yake, mama ajitoe kwa sababu hiyo. Ukisoma sababu iliyotolewa tarehe 27 ni hiyohiyo. Tarehe 31 Bush akamteua Samuel Alito, aliyekuwa jaji wa rufaa kwa miaka 15, wahafidhina wakashangilia, Januari 2006 akapita kwa kura 58 kwa 42. Na Juni 2022 hukumu ya Dobbs iliyoifuta Roe imeandikwa na nani? Alito. Uipende usiipende ile hukumu, wale waliomgomea Bush walipata walichokuwa wanakitaka, ila walisubiri karibu miaka 17.

Sasa kwanini hawakuitwa kamati ya maadili. Kwa sababu haipo! Rais wa Marekani hata uenyekiti wa chama si wake, unashikwa na mtu mwingine. Seneta hapitishwi na kamati kuu, anapita kwa kura za maoni wanazopiga wananchi wa jimbo lake, kwa hiyo Bush hana pa kumkata jina. Na hata akigombana na chama chote anabaki seneta mpaka muda wake uishe, wakati kwetu katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini ubunge nao umekwisha.

Swali: Bwana mhariri salamu kutoka Mombasa. Mimi naona hao wakosoaji wa ndani ni watu wa kuangusha chama tu. Si ndio walimwangusha Bush yule mzee akaja Clinton?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kuna ukweli ila si wote. Bush mzee mwaka 1988, kwenye mkutano mkuu wa chama pale New Orleans, aliwaambia watu wasome midomo yake, hakuna kodi mpya. Juni 1990 nakisi ya bajeti imemkaba, White House ikabandika tangazo fupi kwenye ubao wa chumba cha waandishi, ndani yake limo neno la kuongeza mapato ya kodi. Kwenye ubao! Ahadi iliyompa urais inazikwa kwa kipande cha karatasi. Newt Gingrich, ambaye kazi yake bungeni ilikuwa ndo kuwakusanya Republican wapige kura pamoja, akageuka akaongoza uasi, makubaliano ya kwanza ya bajeti yakaangushwa Oktoba, yaliyopita baadaye yakapandisha kodi ya juu kutoka asilimia 28 mpaka 31.

Mwaka 1992 Pat Buchanan, mhafidhina wa chama hichohicho, akamkabili Bush kwenye kura za maoni za New Hampshire akapata kama asilimia 37, rais aliyeko madarakani akabaki na 53. Aliumizwa akiwa bado kwenye mazoezi tunaweza kusema. Lakini uchumi nao ulikuwa mbovu, na Ross Perot, mgombea binafsi, alichukua karibu asilimia 19 ya kura Novemba, sasa huwezi kumbebesha Buchanan mzigo wote. Mie naona aliyevunja ahadi ndo alianza.

Swali: Kaka, mie niko Minneapolis, nasoma jarida lenu kila wiki. Unawasifia hao wa 2005, mbona kwa Trump wamenywea?
*Msomaji, Minnesota*

Jibu: Hawajanywea wote, ila wamejifunza kunong'ona. Novemba 2024 Matt Gaetz alipotajwa kuwa mwanasheria mkuu wa serikali alidumu kama wiki moja akajitoa, maseneta wa Republican wameshaonyesha chini kwa chini kura hazipo, hakuna kelele za redioni kama za Miers. Januari 2025 Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Republican kwenye seneti, na wenzie wawili wakapiga kura ya hapana kwa Pete Hegseth aliyeteuliwa waziri wa ulinzi, ikawa 50 kwa 50, makamu wa rais JD Vance akaja kuivunja.

Hofu yao inatoka kwenye zilezile kura za maoni nilizomwambia ndugu yetu wa Tanga. Zamani zilimpa mbunge jeuri ya kumkatalia rais, sasa wapiga kura wenyewe wa chama wako na Trump kwa hiyo ukimgusa yeye umewagusa wao. Januari 2021 Republican 10 wa Baraza la Wawakilishi walipiga kura ya kumshtaki Trump bungeni. Wanne hawakugombea tena, wanne wakaangushwa ndani ya chama, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming, binti wa Dick Cheney huyohuyo wa redio ya Limbaugh, hakufika hata asilimia 30. Wakabaki wawili, David Valadao wa California na Dan Newhouse wa jimbo la Washington, na majimbo hayo mawili kura ya mchujo inapigwa na watu wa vyama vyote kwa karatasi moja, wawili wa juu ndo wanaenda fainali. Hata hivyo Jaime Herrera Beutler, mmoja wa wale wanne walioangushwa, naye ni wa Washington hiyohiyo, na aliondoka.