Kabla ya kuuliza GPU gani, uliza upepo unaingiaje mjini

Wanaoanza kuiga upepo wa mjini kwa kompyuta huniuliza kwanza wanunue GPU gani, yaani kadi ya michoro inayopiga hesabu nyingi kwa mpigo. Mimi huwarudisha mpakani, pale upepo wa modeli ya hali ya hewa unapoingia kwenye modeli ya mitaa. Upepo ukiingia vibaya, GPU kali itakuletea jibu baya mapema zaidi, basi.

Chukua Kariakoo. WRF, modeli ya hali ya hewa ambayo hupakuliwa bure, ukiiendesha kwa gridi ya kilomita 1 inaiona Kariakoo yote kama vimraba vichache visivyo na ghorofa hata moja. Inachokijua ni kusi, kaskazi na upepo wa bahari wa mchana. Modeli ya mitaa, kwa gridi ya mita 2, inazijua kona za Msimbazi ila haijui leo kunavuma nini. Kuziunganisha ni kuilisha hii ya pili kwa matokeo ya ile ya kwanza.

Wengi huiacha WRF iandike matokeo kila saa. Upepo wa bahari unaweza kufika na kugeuza hewa ya mtaa ndani ya dakika chache. Ukichukua saa 7 na saa 8 ukapiga mstari katikati, unapata upepo unaogeuka polepole ambao haukuvuma kamwe. Weka `history_interval`, yaani muda kati ya matokeo ya WRF, dakika 10, kwa eneo dogo la ndani lenye gridi ndogo zaidi tu, diski isijae.

Kisha kuna ulaini. Upepo wa WRF hauna misukosuko midogo, na ukiuingiza ulivyo utapita majengo mengi kabla haujavurugika. Napenda mbinu ya kupandisha na kushusha joto kidogo, bila mpangilio, katika mafungu ya seli (vimraba vya gridi) 8 kwa 8 karibu na mpaka. Haigharimu kitu, na hewa inajivuruga yenyewe. Majengo unayoyajali yaweke mbali na ukingo huo.

Sasa kadi. Kwa mbinu ya Lattice Boltzmann, inayoiga hewa kama chembe zinazohama seli hadi seli, yenye mielekeo 27 ya kuhama, namba za biti 32 na nakala mbili za kila namba, kila seli inakula baiti 216. Kilomita 1 kwa 1, kimo mita 400, gridi ya mita 2: seli milioni 50, karibu GB 11. Kadi moja ya GB 16 inatosha. Ukishuka hadi mita 1, kumbukumbu inakuwa mara 8 na kazi mara 16. Ndiyo maana Tokyo ya kilomita 10 kwa 10, kwa gridi ya mita 1, ilihitaji GPU zaidi ya 4,000 za TSUBAME 2.0, kompyuta kuu ya Japani. WRF iache kwenye CPU, kichakato cha kawaida cha kompyuta, peleka kwenye kadi data za mpakani tu, na wastani wa upepo ukokotolewe humohumo kwenye kadi.

Kabla hujaiamini ramani yako ya Kariakoo, jaribu Oklahoma City, ambako Julai 2003 gesi ya majaribio iliachiwa katikati ya majengo na kupimwa mtaa kwa mtaa. Linganisha kwanza mwelekeo wa upepo: nyuzi 10 tu za kosa zinatosha kuihamishia gesi mtaa wa pili.