Usilipie semina ya dairekta ambaye hujamwona akiwa seti

Mkuu, umeniandikia unataka kujifunza kutengeneza filamu, na kuna dairekta anakuuzia semina. Usitume hiyo hela. Laki nane kwa semina ya siku tatu hotelini, halafu akiba yote iliyobaki ununue kamera kwa sababu "mwalimu kasema bila kamera kali huwezi kujifunza"? Huyo mwalimu wako simjui, ila hotuba yake naijua. Niliimbiwa beti zote.

Wa kwangu alivaa miwani ya jua hata saa mbili usiku na alikuwa na picha kibao akiwa na mastaa wa Bongo Movie. Alichokosa ni kazi. Kila swali alilijibu kwa hadithi za enzi zile DVD zinashushwa Kariakoo, na mwisho wa kozi akatuambia somo lililobaki ni vitendo: tuchange, tupige filamu nzima, yeye atasimamia. Mimi nilichanga kuliko wote, hela ya kiwanja Chanika, nikapewa cheo cha produza. Cheo kitamu, hakina mshahara.

Siku ya kwanza nikauliza nani anashika sauti. Akacheka. "Sauti tutaisafisha wakati wa kuediti." Mtu yeyote akikuambia hivyo, kimbia na viatu mkononi. Tukatumia maiki iliyo juu ya kamera, imeachwa ijipandishe na kujishusha sauti yenyewe. Hakuna aliyetuambia kwamba ukiiacha hivyo, mtu akinyamaza tu kamera inapandisha kila sauti iliyobaki. Basi kwenye tukio la msiba, mama anasita kabla ya kutaja jina la marehemu, feni inanguruma kama boti ya Zanzibar inang'oa nanga. Akianza kusema, feni inashuka. Akisita, boti inaondoka tena. Filamu nzima hivyo! Weka na bodaboda, weka na jenereta la jirani. Na hatukuwa na hata sekunde 30 za chumba kikiwa kimya za kuzibia mapengo, maana nani angejua kuna watu wanarekodi ukimya makusudi?

Tukapeleka studio ikasafishwe. Kijana wa pale akasikiliza kidogo, akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole kama nimekula. Kelele iliyoingia pamoja na maneno ukiing'oa inaondoka na maneno. Ikabidi waigizaji waje kudabu, yaani kurekodi maneno yao upya juu ya picha, kila kitu, studio inalipwa kwa saa. Mwigizaji mkuu alishaenda Oman kutafuta maisha, akawa anaturekodia kwa simu kutoka Muscat usiku bosi wake akilala. Kwa hiyo tukio la ugomvi, mdomo unafoka, sauti inanong'ona. Mtaani waliotazama walidhani ni filamu ya mapepo. Kituo cha runinga tulichowapelekea wakairudisha, sababu moja tu: sauti. Kiwanja kikaenda hivyo. Dairekta hapokei simu zangu mpaka leo, ila matangazo ya semina zake nayaona.

Nilichojua nilikijua baadaye, kubeba waya kwa mshika sauti mmoja kwenye seti ya tangazo. Bila malipo, wali maharage tu. Kabla kamera haijafunguliwa alishazunguka nyumba nzima, akazima friji isingurume kwenye sauti, kisha akatumbukiza ufunguo wa gari lake ndani ya friji. Nikasema mzee kachanganyikiwa. Kumbe anajifunga asiweze kuondoka bila kuiwasha tena, nyama ya mwenye nyumba isije ikaoza. Kwenye semina nani angekufundisha hilo? Halafu akanivalisha hedifoni, akanionyesha kwenye mita maneno yanavyotakiwa kugonga karibu na -12 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) ili mtu akipiga kelele pabaki nafasi ya kupanda, na bumu, ile maiki ya kwenye fimbo ndefu, linavyosogezwa karibu na mdomo mpaka linakaribia kuingia kwenye picha. Asubuhi moja tu, nikajua kuliko kozi yote ya yule bwana.

Kwa hiyo mtafute mwenye kazi, si mwenye kozi, na ukimpata omba ukae idara ya sauti. Wanaofundisha kweli hufanya hivyo hivyo, wanafunzi wanawekwa kwenye kazi. Filamu ya Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha ambayo Tom Tykwer, dairekta wa Ujerumani, alikuwa nyuma yake, vijana wa Kenya wakitengeneza filamu halisi chini ya wazoefu. Mira Nair, dairekta mzaliwa wa India, naye alianzisha Maisha Film Lab Kampala mwaka 2004 kwa ajili ya vijana wa huku kwetu. Ukienda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe Unguja, achana na kupiga selfi na mastaa, ulizia nani alishika bumu kwenye filamu iliyokupendeza, umnunulie urojo.

Umeuliza pia kuhusu TaSUBa. Ni chuo cha sanaa cha serikali, kipo Bagamoyo, nenda mwenyewe uangalie wanafunzi wanapiga filamu gani na nani kavaa hedifoni. Kama hakuna aliyevaa, umeshapata jibu.

Na kabla hujalipa chochote mpigie huyo mwenye semina, muulize seti yake inayofuata ni lini na kama unaweza kwenda kubeba waya. Akianza kukuambia habari za zamani, kata simu.