MBA au masters ya IT? Kabla hujalipa ada soma hapa kwanza

Wadogo zangu mlioko kwenye IT mwaka wa saba wa nane huko, mshahara umegoma kupanda na sasa mnaulizana mkasome nini, mi nimeshapita hapo. Nilikuwa fundi wa netiweki Dar miaka tisa, nikachukua MBA (masters ya usimamizi wa biashara) ya jioni nikiwa na miaka 35, na sababu yangu ilikuwa ya kijinga tu, niliona mabosi wote wana MBA nikadhani cheti ndo kimewapandisha. Kumbe wengi walishapanda ndo wakaenda kusoma.

Anza hivi: yule bosi unayekitamani kiti chake, chunguza siku yake inaishaje. Wa kwangu asubuhi kikao, mchana anabishana na mhasibu juu ya bajeti, jioni anasuluhisha watu wawili wasiosalimiana. Switchi ya netiweki hajaigusa miaka. Kama maisha hayo ukiyaona tu unachoka, achana na MBA.

Mimi kilichonibeba ni somo moja, la fedha. Nilishaomba UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya chumba cha seva mara tatu, kila mara dokezo linarudi "hakuna fungu", nikawa nalalamika eti wakubwa hawajui teknolojia, kumbe mimi ndo nilikuwa namwaga KVA (kipimo cha nguvu ya UPS) na dakika za betri utadhani anayesaini ni fundi mwenzangu. Baada ya lile somo nikaandika upya: umeme ukikatika saa moja kaunta ngapi zinasimama, wateja wangapi wanageuza, hela kiasi gani haiingii, halafu bei ya UPS nikaigawa kwa miaka mitano. Ikasainiwa wiki ileile. Masomo ya uongozi yenyewe, niseme ukweli, mengi nilisinzia.

Masters ya IT nayo usiifuate kwa ajili ya kujua kifaa au programu fulani, hapo cheti kama CCNA, kile cha netiweki cha Cisco, kinatosha, hela ndogo na miezi michache, japo kinaisha muda baada ya miaka 3 unahuisha. Masters ni ya anayetaka kuzama, usalama wa mitandao au data, au anayetaka kufundisha chuo, na hao wa kufundisha mjue GPA ya digrii ya kwanza nayo inaangaliwa, kwahiyo kama uliponea chupuchupu kaulize kwanza. Jamaa yangu wa biashara alienda kusoma IT ukubwani, semista ya kwanza programingi ilimtoa machozi kabisa, ila leo ofisini kwao yeye ndo anaelewana na wahasibu na madevelopa wote bila mkalimani.

Mlioko serikalini muoneni afisa utumishi kabla ya kuomba chuo, maana ukisoma nje ya kada yako kimyakimya unaweza kurudi na cheti na mshahara uleule. Na wa kusoma onlaini chuo cha nje, hakikisheni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanakitambua kabla hamjatuma hata senti.

Desatesheni sasa, ule utafiti wa kumalizia masters. Mimi ilinikalisha mwaka mzima wa ziada kwa sababu nilichagua mada inayotaka data za kampuni ya watu, wakanizungusha wee mpaka nikabadili mada. Chukua mada ambayo data zake ziko ofisini kwako, na ruhusa uiombe kwa maandishi mapema, semista ya kwanza hiyohiyo, kabla meneja hajahamishwa.