Daijoubu: umekubali au umekataa?

Dada, umeuliza kwa nini muuzaji wa duka huko Osaka hakukupa mfuko ilhali ulimjibu “daijoubu desu”, ukikusudia “sawa, nipe”. Yeye alielewa umeukataa, na kwa Kijapani hakukosea.

Maana ya msingi ya neno hilo ni “salama, hakuna tatizo”. Lakini mtu akikuuliza kama unahitaji kitu, “daijoubu desu” kwa kawaida huwa “hapana asante, niko sawa bila hicho”. Tangu Julai 2020 maduka ya Japani hutoza pesa kwa mifuko ya plastiki, kwa hiyo utaulizwa habari ya “fukuro”, yaani mfuko, karibu kila siku. Ukiutaka, sema “onegai shimasu”, yaani tafadhali. Usipoutaka ndipo useme “daijoubu desu”, hata kwa kupunga kiganja kidogo kama wafanyavyo wenyeji.

Mtu akijikwaa mbele yako, muulize “daijoubu desu ka?” Kwa rafiki, “daijoubu?” inatosha, ukipandisha sauti mwishoni. Ukiulizwa wewe, jibu hivyo hivyo, ila ondoa hiyo “ka” ya kuuliza.

Kazini kuwa mwangalifu zaidi. Bosi akikupa kazi, usimjibu “daijoubu desu”. Atabaki akijiuliza umeipokea au umeikwepa. Sema “shouchi shimashita”, nimepokea.

Matamshi: vuta hiyo “jou” iwe “joo”, usiikate. Na ujizoeze dukani kwanza, maana pale maswali hayabadiliki sana: mfuko, vijiti vya kulia, na kama chakula kipashwe moto.