Jibu kwa aliyeuliza kuhusu muziki wa muvi fupi, pesa kidogo na dairekta anayetaka amadinda

Ndugu, umesema mshikaji wako dairekta ana muvi ya dakika 20 hivi, hela ni ya soda, anataka muziki "wa kwetu lakini wa kisinema" wenye amadinda, zile mbao za Kiganda zinazopigwa kwa vijiti, na tayari amebandika wimbo wa mtandaoni kwenye editi akakwambia mtolee kitu kama hicho. Hizi kazi nazifanya hapa Kampala, nyingi ni za watu wasio na mfadhili, so nakujibu nilivyoona mimi.

Huo wimbo usiuige, utakuletea kesi. Muulize anapenda nini ndani yake, ni mwendo, ni ule ukimya kabla ngoma hazijaingia, ama ni vile tu ameusikia wiki nzima sikio limezoea? Mara nyingi ni hilo la mwisho. Alafu mwambie akupe kopi isiyo na muziki kabisa, yenye saa inayohesabu kwenye kona, na editi iwe imefungwa, yaani hakati tena. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila pigo ni nusu sekunde, akitoa sekunde 3 tu umeshapoteza mapigo 6 na ule mlio wako wa kushtua mlango ukifungwa unapiga wakati mlango ulishafungwa zamani.

Kaeni wote wawili mwandike muziki unaingia wapi, unatoka wapi, na kwa nini. Muvi zetu nyingi zina muziki mwanzo mpaka mwisho na sababu naijua, sauti ya lokesheni ilikuwa mbovu wanataka kuficha jenereta. Haifichiki! Unakuwa na kelele mbili. Kwa dakika 20 mimi huwa naona muziki wa dakika 7 au 8 unatosha sana.

Sasa amadinda, hapo ndipo watu wanaumia. Mtu anaichukua anairundikia kodi za kibodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) chini alafu anashangaa mbona kama kuna kitu kimeoza. Amadinda ya Kiganda inagawa okteva moja (toka noti mpaka noti ileile ya juu yake) kwa hatua 5 zinazokaribia kulingana, kila moja kama senti 240 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, si hela), na kibodi yako haina hatua kama hiyo, za karibu ni 200 ama 300. Kwa hiyo usimwambie mzee wa amadinda abadilike, kibodi ndio ibadilike: sinti nyingi (programu za kutengeneza sauti) za kwenye kompyuta zinakubali kutyuniwa kwa senti, irekodi amadinda kwanza uifuate noti kwa noti. Ama acha kodi kabisa, weka noti moja ndefu chini na engalabi, ile ngoma ndefu ya Kiganda, inatosha na ina heshima yake. Kumbuka pia amadinda ina mbao 12 na wapigaji 3 wanaofumana, mmoja anajaza nafasi za mwenzake kwa kasi, sasa ukiiweka chini ya watu wanaoongea hakuna atakayesikia neno. Iache kwa sini za kukimbia, za soko, za boda.

Kama dairekta anang'ang'ania melodi yenye kodi, mshauri adungu, kinubi cha kule West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Siku hizi vikundi vya makanisani na mashuleni vinaityuni do re mi, inakaa na kibodi bila ugomvi, na ile kubwa ya besi inapita chini ya sauti za watu vizuri tu. Endingidi, zeze la uzi mmoja, naipenda kufa lakini inaimba palepale mtu anapoongelea, mimi naiingiza mhusika akishanyamaza. Na mpigaji wa kweli mlipe hata kama ni kidogo, sampuli za endingidi (sauti zilizorekodiwa tayari za kompyuta) nilizowahi kusikia zinafanana na mbu.

Rekodi asubuhi mapema kabla mvua haijaanza kwenye mabati. Toa faili za WAV kwa 48 kHz, ndio ya video, ile 44.1 ni ya CD, na mtumie ngoma, melodi na besi kila kimoja peke yake ili mtu wa mikisi aweze kushusha kimoja bila kuua vyote. Sikiliza kwa simu pia, manake wengi watatazamia huko na ngoma kubwa unayojivunia kwenye hedifoni itapotea kabisa, kofi la engalabi ndilo litakalobaki.

Mwisho karatasi, tafadhali, hata kama ni rafiki yako. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kazi ukiitunga kwa kuagizwa, na hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki ni ya aliyeagiza. Hapo umekwisha. Ukurasa mmoja unatosha: muziki unabaki wako, yeye ana ruhusa ya kuutumia ndani ya muvi hii kwenye matamasha, TV na mtandaoni, atakulipa kiasi gani na lini, marekebisho ni mara ngapi kabla hujaanza kudai nyongeza (mimi naweka 2), na majina ya wapigaji wote yatokee mwishoni. Kuna jamaa aliniahidi "tutagawana ikiuzwa", ikauzwa, simu yake mpaka leo haipokelewi. Kwa hiyo nusu uichukue kabla ya kuwasha kompyuta, na faili safi zitoke nusu ya pili ikishaingia kwa Mobile Money, kabla ya hapo mpe zenye sauti yako inayosema "demo" katikati.