Maua ya nyanya yanadondoka kitaluni

SWALI: Nimejenga kitalu nyumba cha miti na nailoni uani kwangu hapa Dodoma, nikapanda nyanya mwezi Mei ili nivune wakati wa kipupwe. Mimea imefika kiunoni, lakini maua yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Je, ni baridi?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Ndugu msomaji, baridi inahusika, ila si peke yake. Usiku wa Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho chavua ya nyanya (unga wa ua unaowezesha tunda kutunga) huanza kudhoofu. Mchana, hata hivyo, jua letu ni kali, na kitalu kilichofungwa kutwa kinaweza kupita nyuzi 35, joto linaloharibu chavua vilevile. Kwa hiyo kunja nailoni ya pembeni jua linapopanda, kisha uishushe kabla halijazama ili joto la jioni libaki ndani. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini huhitaji mtikisiko ambao nje huletwa na upepo (na upepo wa Dodoma hauna haya!), hivyo kila siku mnamo saa nne asubuhi gonga taratibu kamba zilizoshikilia mimea. Mwagilia asubuhi, shinani, kwa kuwa unyevu unaolala kwenye majani hukaribisha ugonjwa wa bakajani. Mbolea ya urea, inayokuza majani, isimamishe kwa sasa. Nyanya iliyoshiba majani huwa mvivu wa kuzaa.